Maombi Ndani ya Kelele za Mashine

Sauti ninayoikumbuka mpaka leo ni ya mashine ya kusaga ikiamka asubuhi. Inaanzia chini, kama mtu mzima anayekohoa kabla ya kusema neno, halafu inapanda, inapanda, mpaka bati la paa linatetemeka na wewe mwenyewe husikii tena unachosema. Hapo bado iko tupu. Ukimimina mahindi kwenye mdomo wake sauti inashuka kidogo, inakuwa nene, kama imetia tonge kinywani. Siku hizi nikiwa nimejilaza nyumbani nikaisikia mashine ya mtaa wa pili ikishuka hivyo, najua kama ni mahindi makavu ya Gairo au ni ya mtu aliyeona njaa akayavuna kabla hayajakauka. Sikosei mara nyingi.

Nawaandikia ninyi wadogo zangu mnaoingia kwenye kazi hii ya mashine, hasa wasichana, maana tulikuwa wachache na sasa naona mnaongezeka. Mimi nimestaafu. Najua mnacheka. Nina miaka thelathini na mbili, mvi sina hata moja, na bado naota ndoto zangu za kuwa na mashine yangu mwenyewe yenye benchi zuri la wateja, kivuli, na maji ya kunywa ya baridi. Lakini daktari alinisikiliza kifua, akaniuliza nafanya kazi gani. Nilipomwambia akasema, "Basi, unga umekutosha." Hiyo ndiyo ilikuwa hotuba ya kuniaga. Sikuandaliwa pilau wala sikupewa saa ya ukutani. Nilikung'uta kitambaa changu cha puani, nikamwachia mwenzangu ufunguo, nikaenda kulala siku mbili mfululizo.

Uchovu wa kazi hii hautoki kwa kulala siku mbili, mtakuja kuniambia. Unaingia na vumbi.

Mimi kwetu ni Gairo. Baba alikuwa analima mahindi na karanga, kwa hiyo mahindi nimeyajua kabla sijajua kusoma, na kusoma kwenyewe sikufika mbali. Niliolewa Morogoro, na mume wangu Fidelis, ambaye alikuwa utingo wa lori la mboga linaloshusha kabichi na karoti kutoka Mgeta kwenda Dar. Kwao ni pale juu kidogo ya mji, mlima unapoanza, ambako nyumba zimekaa kwenye migomba na ukichungulia chini unaona mabati ya mjini yakimetameta. Tulikaa uwanja mmoja na mama yake. Mashine niliyofanyia kazi ilikuwa chini ya kilima hicho hicho, barabara inapoishia kuwa na lami.

Aliyenifundisha ni Mzee Songoro, Mluguru wa pale pale, mtu wa msikitini, ambaye alisaga tangu enzi za injini ya dizeli ya kuzungusha kwa mkono. Nilipofika kumwamkia siku ya kwanza, "Shikamoo, mzee," alinijibu marahaba, akachota mahindi kwenye debe la mteja, akanipa punje moja. "Iume." Nikaiuma. "Imelia?" Nikasema imelia. "Isiyolia usiipokee hata kama imeletwa na mkeo." Nikamwambia mimi ni mwanamke, sina mke. Akasema, "Basi hata kama imeletwa na mkweo. Huyo ndiye mgumu zaidi."

Sikumsikia. Wiki hiyo hiyo alikuja mwalimu mmoja, mama mpole, ana haraka, anasema watoto hawana chakula. Punje haikulia lakini nikamhurumia, nikamimina. Mahindi mabichi yakaenda kujibandika kwenye chekeche, lile bati lenye matundu linalopitisha unga, yakaziba kila tundu. Mashine ikaanza kunguruma kama imekabwa. Kilichotoka kwenye fuko la unga, lile la kitambaa ambalo mashine hulijaza upepo, kilikuwa kama kinyunya cha chapati. Mzee Songoro akazima, akachungulia, akatia kidole, akalamba. "Mwalimu," akamwambia yule mama kwa heshima zote, "wewe nenda tu kabandike maji. Binti ameshakusagia uji."

Tulifungua mashine ile tukakwangua kwa kisu mpaka adhuhuri.

Basi jifunzeni kuuma punje. Jifunzeni pia kusaga makopa mwishoni, maana unga wa muhogo unaacha harufu, na anayekuja nyuma na sembe yake nyeupe atawaambia mmemchanganyia. Msifunge khanga ikaning'inia karibu na mkanda wa mashine. Na yuniti, yaani umeme wa luku, muuangalie kabla ya kila gunia. Hilo la mwisho nitalirudia, maana ndilo lililonikuta.

Lakini kitu kikubwa alichonipa Mzee Songoro hakukikusudia. Nilikuwa namwona mashine ikiwa kwenye kelele zake zote, yeye amesimama pembeni, mkono mmoja kwenye mlango wa mahindi, midomo inacheza. Kila siku. Nikadhani anasoma uradi. Nikamsifia moyoni, nikasema mzee huyu ni mcha Mungu. Siku moja nikapita nyuma yake karibu sana, sikio likawa kwenye bega lake. Wadogo zangu, alikuwa anamtukana shemeji yake. Shemeji huyo alimkatia mkungu wa ndizi bila kuuliza, na mzee alikuwa anamtaja yeye, na panga lake, na ndizi zenyewe.

Alipozima nikamuuliza. Hakuona haya. "Msagaji ana bahati, binti," akasema huku anajifuta unga kwenye nyusi. "Seremala akiwa na jambo moyoni atalisemea wapi? Watu watamsikia. Sisi tuna chumba. Ukiwasha, umeshafunga mlango."

Yeye aliacha kazi kabla yangu, macho yalimchoka. Mimi nikabaki na chumba hicho.

Sasa niwaambie nilikifanyia nini.

Mimba yangu ya kwanza ilifika mwezi wa nane. Nilisaga nayo mpaka tumbo likawa linagusa gunia kabla yangu, na wateja wananitania, "Dada Unga, huyo akizaliwa atapiga chafya kwanza." Nilishamfumia kofia ya njano, kwa sababu sikujua kama ni wa kiume au wa kike. Alikuwa wa kiume. Alizaliwa amekwisha kulala. Sitasema mengi hapo. Wauguzi walifanya walichoweza. Fidelis alikuwa njiani na lori, na simu yake haikupatikana mpaka walipofika Chalinze.

Mama mkwe na wanawake wawili wa mtaani walimchukua mtoto, wakapanda naye, wakamzika kabla sijaruhusiwa kutoka. Kwa desturi yao mtoto ambaye hakulia hawekewi matanga. Hawaitwi watu, hakipikwi chakula cha msiba, mtoto hapewi jina. Na mama yake haonyeshwi alipolazwa, ili moyo usibaki pale na tumbo lisifunge. Wanaamini ni kumhurumia. Nilipofika nyumbani uwanja ulikuwa umefagiwa, kama hakuna kitu kilichotokea. Nikamuuliza mama mkwe, "Mama, mmemlaza wapi?" Akanitilia maji ya moto kwenye beseni, akasema, "Oga, mwanangu. Hilo usiniulize, na usimuulize mtu. Atakuja mwingine."

Sikumchukia. Alikuwa ananikanda mgongo asubuhi na jioni. Lakini nilikuwa nimezaa na nimefiwa, na hapakuwa na mtu hata mmoja aliyeniambia pole ya msiba. Waliniambia hongera ya kupona.

Kanisani ilikuwa hivyo hivyo. Mama Mchungaji, mama mnene mwenye sauti nzuri, anayenipenda tangu nilipohamia, alinishika mikono yote miwili. "Mshukuru Mungu, wewe umepona. Kazi ya Mungu haina makosa." Akaniambia nikipata nguvu nisimame mbele, nitoe ushuhuda wa shukrani. Nikamwambia, "Amina, Mama." Mimi ndiye niliyekuwa nachekesha kwaya nzima, nani angetegemea niseme kitu kingine?

Lakini nilikuwa siwezi kuomba. Nataka mnielewe hapa, maana huenda na ninyi yatawafika. Sisi tulifundishwa sala ina ngazi. Unaanza na shukrani, unapanda kwenye toba, halafu ndiyo unafika kwenye haja zako. Nilikuwa napiga magoti kando ya kitanda, nasema, "Baba, nakushukuru," na mguu unakwama kwenye ngazi hiyo ya kwanza. Haipandi. Nafumbua macho, nainuka, nashusha chandarua, nalala. Nikafika mahali nikaona labda nisimsumbue Mungu mpaka nitakapokuwa na neno zuri la kumwambia.

Nilirudi kazini mapema kuliko nilivyoruhusiwa. Asubuhi ile nikawasha. Ikakohoa, ikapanda, bati likaanza kutetemeka. Nikamimina debe la kwanza. Na mdomo wangu ukafunguka wenyewe.

Sikuanza na shukrani. Nilisema, "Baba, mimi Dada Unga. Nimechoka." Nikasema tena. Halafu nikapaza sauti kwa nguvu zote nilizonazo, sauti ambayo sikujua ninayo, na hakuna aliyegeuka. Watu wamekaa nje kwenye magunia yao wanapiga soga. Nikamwambia kuhusu kofia. Nikamwambia maziwa yalikuja siku ya tatu, yakaloanisha gauni, na hapakuwa na wa kuyanyonya. Nikamwambia sikuelewi. Nikalia mpaka machozi yakafanya unga usoni mwangu kuwa ugali, na nilipotoka kumkabidhi mteja unga wake akaniangalia, akasema, "Dada, leo vumbi limekuzidi." Nikasema, "Limenizidi kweli."

Kuanzia hapo ikawa ndiyo sala yangu. Asubuhi hadi jioni. Nyumbani nacheka, kanisani naimba, na mashine ikiwaka namwendea Mungu na yale mabaya. Sikuwa na mpangilio. Siku nyingine nilimwambia neno moja tu kwa gunia zima. Siku nyingine nilimnunia, nikasaga kimya, nikamwambia jioni, "Leo sikusema nawe, na umejua kwa nini." Kulikuwa na jambo moja tu nililoliomba kila siku bila kuacha: niambie wamemlaza wapi. Sikuomba mtoto mwingine. Sikuomba nifarijiwe. Niliomba nijue ni udongo gani.

Na nilikuwa nachoka, wadogo zangu. Kulia huku unafanya kazi ni kazi mbili. Kifua kilianza kubana, maana nilikuwa navuta pumzi ndefu za kilio mahali ambapo mtu anatakiwa avute ndogo ndogo kupitia kitambaa. Nilijua kazi hii sitaimaliza. Na hofu yangu kubwa haikuwa mshahara. Ilikuwa: nikitoka hapa, nitasemea wapi? Nilishajaribu kuomba nyumbani kwa sauti, hakuna kitu. Bila kelele zile nilikuwa narudi kwenye ngazi ya kwanza, mguu unakwama.

Sasa luku.

Mita yetu ilikuwa nyuma ya mlango. Yuniti zikikaribia kuisha ilikuwa inalia, lakini sauti yake ni ya kifaranga, na mashine ikiwaka hata ng'ombe angelia usingemsikia. Ndiyo maana nasema angalieni kwa macho, kabla ya kila gunia. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa mchana, foleni imejaa. Mama Mchungaji alikuwepo na madebe yake mawili. Alikuwepo Baba Zuhura, mzee wa maneno mengi anayeuza mkaa. Na alikuwepo Bi Mwanahawa, bibi wa Kiluguru jirani yetu kule juu, ameshuka na kikapu cha makopa, amekaa karibu kabisa na mlango kwa sababu anajua makopa ni ya mwisho na hataki mtu amruke.

Mimi nilikuwa nimezama. Nilikuwa nimefumba macho, mkono kwenye mlango wa mahindi, kama Mzee Songoro. Mashine yuniti zikiisha haikatiki kama uzi. Inashuka. Msagaji yeyote anasikia ule mshuko kwenye nyayo kabla ya masikio, na kazi yake ya kwanza ni kuruka kwenye swichi aishushe, maana umeme ukirudi ghafla na mahindi yamejaa tumboni, mkanda unaungua. Mimi, msagaji wa miaka yote ile, sikusikia. Kelele zikashuka, na sauti yangu ikabaki juu peke yake, kama mtu aliyeachwa kwenye mti wenzake wameondoa ngazi.

"...niambie walikomlaza mwanangu, Baba, kila siku nakuuliza, kila siku, nimechoka kukuuliza, hata mbwa anaonyeshwa mwanawe alipofukiwa..."

Hapo nikajisikia.

Nje wote walikuwa wamegeukia mlango. Fuko la unga lilikuwa linajikunja polepole kwa kuishiwa upepo. Sikugeuka. Nilitamani lile fuko lingenimeza.

Baba Zuhura ndiye aliyeanza. "Dada Unga, kumbe miaka yote hii tunapanga foleni kanisani."

"Wewe nyamaza," Bi Mwanahawa akamwambia.

"Nimesema nini kibaya? Nasema tu..."

"Ulichosema kimetosha. Kaangalie mkaa wako usiibiwe."

Akaondoka kweli, akaacha debe lake kwenye foleni. Mama Mchungaji akaingia ndani, akatazama juu na chini, akaiona swichi, akaishusha yeye. Alikuwa amenisikia nikiwakataza wateja mara nyingi wasiiguse. Nikampigia simu tajiri mwenye mashine, nikamwambia yuniti zimeisha, akasema yuko Dumila, subirini atanunua atatuma namba. Nilizungumza naye vizuri tu. Sauti ya kazi ilikuwepo. Nilipokata simu nikakaa juu ya gunia la mtu.

Bi Mwanahawa alikuwa amesimama mlangoni. Shikamoo nilishampa asubuhi, lakini nikampa nyingine, kwa kukosa la kusema.

"Marahaba. Mkweo hakukuambia?"

"Aliniambia nisiulize, Bibi."

"Na mumeo?"

"Hata yeye hajui. Alikuwa njiani."

Akaingia, akajishusha taratibu mpaka chini, akaegemea ukuta uliojaa unga bila kujali khanga yake. "Mimi nilikuwepo," akasema. "Mimi ndiye niliyeshika jembe."

Wadogo zangu, nilikuwa namwona bibi huyu kila siku. Ananipa majani ya maboga juu ya ua. Nilikuwa namuuliza Mungu, na anayejua amekaa nje ya mlango na makopa yake.

"Tuliona tunakupunguzia," akasema. "Na mimi nilifanyiwa hivyo hivyo. Wangu wawili. Sikuonyeshwa."

"Hata baadaye?"

"Walionizikia wameshakufa wote. Nitamuuliza nani?" Alikuwa anasema bila kulia, anapangusa vumbi kwenye kikapu chake. "Mimi shamba lote nalikanyaga polepole. Mpaka leo. Sijui nakanyaga wapi."

Hapo wanawake wengine wa foleni walikuwa wameingia, wamekaa chini mmoja mmoja, hakuna aliyewaita. Hakuna aliyezungumza. Kwetu mtu akikaa chini hivyo na kunyamaza, tunajua ni nini. Nilikuwa naona msiba wangu unakaliwa, kwenye sakafu ya mashine ya kusaga, na watu waliokuja kusaga.

Mama Mchungaji akanyoosha mkono, akaanza kuomba kwa ile sauti yake nzuri. "Baba wa mbinguni, tunakushukuru kwa..." Akasimama hapo hapo. Nikamfungulia jicho. Alikuwa ananitazama. "Endelea mwenyewe, mwanangu," akasema. "Ulikuwa unaongea naye, mimi nimekukata."

Nilitaka kukataa. Hapakuwa na kelele. Kilichosikika ni kuku wa jirani na mtu anapasua kuni mbali huko. Nikafungua mdomo, na sauti iliyotoka ilikuwa ndogo, kama ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani anayemdai. Nikasema, "Baba, nimechoka. Asante kwa Bi Mwanahawa." Nikaongeza, "Na wale wawili wake." Sikuwa na zaidi. Wakaitikia amina, na Bi Mwanahawa akaitikia amini kwa namna ya kwao, na Mama Mchungaji akapenga kamasi kwenye ncha ya kitenge chake kama mtoto.

Namba za luku zikaingia. Nikaziandika kwenye mita, nikafungua mashine nikatoa mahindi yaliyokwama, nikawasha, nikasaga foleni yote. Baba Zuhura alirudi kuchukua debe lake, akanisalimu kwa adabu kubwa mno, akanipa vipande vitatu vya mkaa mzuri kwenye gazeti. Sijui hata vilikuwa vya nini. Nikavipokea.

Makopa yalikuwa ya mwisho. Nilipomkabidhi Bi Mwanahawa unga wake akaniambia, karibu na sikio, "Kati ya migomba na mfereji, penye magimbi. Palipoinama kidogo. Mkweo nitazungumza naye mimi, usimfuate."

Penye magimbi. Nilikuwa nachota maji pale kila asubuhi.

Sijui walizungumza nini na mama mkwe. Ninachojua ni kwamba siku iliyofuata aliniwekea chai, akakaa mbele yangu, akainuka, akakaa tena. "Mimi nilitaka upone," akasema. Nikamwambia, "Najua, Mama." Tukanywa chai. Fidelis nilimwambia aliporudi kutoka Dar. Alivua kofia yake ya kazi, akaishika mikononi muda mrefu, kisha akaniuliza kama lile eneo maji ya mvua hayapiti. Nikamwambia hayapiti. Akasema, "Afadhali."

Jumapili sikutoa ushuhuda wowote. Mama Mchungaji alipita pale nilipokaa, akanibonyeza bega, akaenda zake kuongoza mapambio.

Sasa, mnaotaka nasaha, ninazo chache, na nimechoka kuzitafutia maneno mazuri. Mashine inakataa mahindi mabichi. Mungu hakatai. Msikae mnaanika huzuni juani mpaka ikauke ndipo mumpelekee, itawaozea mikononi. Mpelekeeni ikiwa mbichi, na kama shukrani haitoki, mwambieni haitoki. Mimi nilimwambia maneno ambayo singethubutu kumwambia baba yangu wa Gairo, na hakunifukuza. Kitu kingine: msifikiri kelele ndizo zilizonisaidia. Zilinifungulia mdomo, ndiyo, na nazishukuru. Lakini jibu langu lilikuja zilipokatika. Bado sijui nilipangeje hilo kichwani. Nikimwambia Mama Mchungaji kwamba Mungu alinijibu kwa kuishiwa yuniti, anacheka mpaka anajishika kiuno, lakini habishi.

Mtoto mwingine sijapata. Siandiki haya ili mseme amina mwishoni. Kifua bado kinabana usiku wa baridi, na kuna siku naamka nimechoka kabla sijafanya kitu. Siku hizo naomba nikiwa nimelala, macho kwenye bati, maneno mawili matatu. Naona yanafika.

Jumatatu ile, baada ya Jumapili ya kutoshuhudia, nilitoka mapema kabla watu hawajaamka, sikuchukua ndoo. Nikapita kwenye umande mpaka kwenye magimbi, pale palipoinama. Majani makavu ya mgomba yalikuwa yamepafunika. Nikachutama, nikayaondoa moja moja, nikayalaza pembeni mpaka udongo ukaonekana, mweusi na wenye unyevu. Nikaweka kiganja juu yake, nikakiacha hapo mpaka kikapata joto.